Mama Paka, Sirinji au Daktari wa Mifugo: Ulinganisho wa Njia za Kuuguza Vitoto vya Paka Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho unapokaribia, maghala ya Tandahimba, Newala na Masasi hufagiliwa ili yapokee magunia mapya, na nyuma ya mbao za kupangia mizigo huonekana mara nyingi kitu kile kile: vitoto vitatu au vinne vya paka vimelala juu ya gunia bovu, macho yamegandamana kwa tongotongo, na mama yao, aliyevumiliwa ghalani kwa sababu ya panya, amekimbia vishindo vya wapagazi. Mjini Mtwara huokotwa chini ya mitumbwi iliyopinduliwa karibu na soko la samaki, au katika mitaro baada ya mvua kubwa za masika, na mwambao mzima wapo watu wanaoviacha mlangoni pa msikiti wakitumaini kwamba mwenye huruma atapita. Anayeviokota hana muda mrefu wa kufikiri. Hata hivyo, anayoyachagua katika saa mbili za kwanza, yaani nani avilee, vipashwe joto kwa nini, vinywe maziwa gani na kwa chombo gani, huwa na uzito kuliko dawa yoyote atakayoinunua wiki inayofuata.

Vitoto vingi vya mwanzo nilivyouguza nyumbani kwangu nilivipoteza. Nilipokaa kulisoma daftari langu niliona kwamba karibu vyote vilikufa tumbo likiwa limejaa maziwa. Sikuvinyima chakula, nilivilisha vikiwa baridi. Utumbo wa kitoto kilichopoa husimama kufanya kazi, maziwa huchacha tumboni au hurudi kooni na kuingia kwenye mapafu, na mlezi hubaki akishangaa kwa nini kitoto kilichokuwa kinanyonya vizuri saa nne usiku kimekutwa kimekakamaa alfajiri. Kwa hiyo kila njia hapa chini nimeipima kwa maswali mawili, umri wa kitoto na joto la mwili wake, na bei nimeiweka nyuma ya hayo.

Umri husomwa mwilini. Kitoto ambacho kitovu chake kikavu bado kinaning'inia kwa kawaida hakijafikisha wiki moja. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, meno ya mbele huanza kuchomoza karibu na wiki ya tatu, na kufikia wiki ya nne kitoto hutembea kwa uhakika na huanza kucheza. Uzito wa kuzaliwa ni karibu gramu 100, na mwenye afya huongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Mizani ya kidijitali ya jikoni inatosha kupima. Mimi kabla ya kuinunua niliwahi kwenda kwa sonara, naye alicheka lakini alipima. Joto hupimwa kwa kipimajoto cha kidijitali kinachopakwa mafuta kidogo na kuingizwa taratibu njia ya haja kubwa: wiki ya kwanza kitoto kinapaswa kuwa kati ya nyuzi 35 na 37, na kufikia wiki ya nne kati ya 38 na 39. Kikiwa chini ya 35, habari ya maziwa isubiri.

Nani avilee

Mama mwenyewe hana mshindani. Anavipasha joto, anavilamba ili vikojoe, na maziwa yake ya siku ya kwanza, ile dang'a, huvipa kinga ambayo mwanadamu hawezi kuitengeneza jikoni. Kwa sababu hiyo, kosa kubwa kuliko yote ni kuokota vitoto ambavyo havijatelekezwa. Vikiwa na joto, vimetulia na matumbo yao ni ya mviringo, mama yuko karibu anatafuta chakula, na inafaa kukaa mbali ukitazama kwa saa kadhaa badala ya kuvibeba. Vikiwa baridi, vinalia bila kukoma, au siafu wamekwisha kuvifikia, hapo hakuna cha kusubiri. Yupo pia mtu anayevikuta vinaumwa mafua na mama yao bado yupo. Huyu atafanya vizuri zaidi akimkamata mama na kumfungia chumba kimoja na wanawe, ili yeye atibu macho na mama aendelee kunyonyesha.

Njia ya pili ni paka mlezi, yaani paka wa jirani anayenyonyesha. Paka jike wengi hukubali watoto wasio wao, hasa umri ukilingana, na kwa kitoto chenye afya njia hii inashinda sirinji kwa mbali. Kwa kitoto kinachoumwa mambo hugeuka. Mafua ya paka huenea kwa chafya, kwa mikono na kwa vyombo, na parvo ya paka, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, huenea kwa kinyesi hata kabla ya dalili kuonekana. Ukikiweka kitoto kimoja kigonjwa kwa mama wa jirani mwenye watoto wanne wazima, baada ya siku chache unaweza kuwa na wagonjwa watano na ujirani ulioharibika. Mlezi wa kuazima afikiriwe baada ya kitoto kukaa peke yake wiki mbili bila chafya, bila kuhara na bila homa. Kwa bahati mbaya, baada ya wiki hizo mbili maziwa ya huyo mama huenda yameanza kupungua, ndiyo maana kwa wagonjwa njia hii hufaa mara chache sana.

Njia ya tatu ni mtu, na gharama yake kubwa ni usingizi. Kitoto cha wiki ya kwanza hula kila baada ya saa mbili hadi tatu usiku na mchana. Cha wiki ya pili kila saa tatu. Cha wiki ya tatu kila saa tatu hadi nne. Na cha wiki ya nne kila saa nne hadi tano. Mwalimu, muuguzi wa zamu au mchuuzi wa samaki anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri hawezi kulea peke yake kitoto ambacho hakijafungua macho, na ni heri alikubali hilo mapema akatafuta mwenzake wa kupokezana zamu. Akiwa na kitoto cha wiki nne, anaweza.

Daktari au afisa mifugo ni njia ya nne, ingawa kwa kweli huongezwa juu ya nyingine na hawezi kuwa badala yake. Katika mikoa yetu wataalamu hawa hushughulika zaidi na ng'ombe, mbuzi na kuku, lakini wanajua dawa, wanajua kupiga maji chini ya ngozi, na wengi husaidia vizuri sana wakipewa uzito wa mgonjwa kwa gramu, kwa kuwa tone moja la ziada lisilomdhuru mbuzi linaweza kukiua kitoto cha gramu 200. Swali gumu ni safari. Kutoka Lindi hadi Mtwara mjini ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka Liwale au Nanyumbu ni safari ndefu zaidi. Kitoto kilichokaa dirishani mwa basi kikipigwa na upepo hufika kwa daktari kikiwa katika hali mbaya kuliko kilivyotoka. Kwa hiyo nachagua nyumba na simu ya mtaalamu kwa siku za kawaida, na safari kwa dalili maalumu: kuhema kwa mdomo wazi, fizi nyeupe, kutapika pamoja na kuhara, joto lisilopanda baada ya saa tatu za kupashwa, uzito unaoshuka siku mbili mfululizo, au macho yaliyovimba kwa usaha kabla ya kope kufunguka. Kinachosafiri kisafiri na chupa ya maji ya moto ndani ya boksi.

Joto kabla ya maziwa

Wengi huamini kwamba katika hali ya hewa yetu kitoto hakiwezi kuona baridi. Usiku wa Julai, kusi inapovuma, joto la Mtwara mjini hushuka hadi karibu nyuzi 20, na kwenye uwanda wa Makonde, kule Newala, hushuka zaidi. Kitoto cha wiki ya kwanza kinahitaji boksi lenye nyuzi 29 hadi 32, nacho hakina uwezo wa kutetemeka ili kujipasha.

Chupa ya plastiki yenye maji ya moto, iliyozungushiwa kanga mara mbili, ndiyo chaguo langu la kwanza. Haitegemei umeme, inapatikana kila nyumba, na kitoto kinaweza kuisogelea au kuikimbia, mradi iwekwe upande mmoja tu wa boksi. Udhaifu wake ni kwamba hupoa baada ya saa mbili au tatu na, ikishapoa, huanza kukinyonya kitoto joto badala ya kukipa. Asiyeamka kuibadilisha ni afadhali asiiweke kabisa. Balbu ya kulelea vifaranga hupasha sawasawa usiku kucha, lakini hukausha hewa na mwili, na umeme ukikatika saa nane usiku mlezi aliyelala hatajua. Mwenye balbu aendelee kuwa na chupa pembeni.

Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa silikubali kwa hali yoyote. Moshi wake usioonekana huua watu wazima, sembuse kiumbe chenye uzito wa embe dogo. Kifua cha binadamu, kwa upande mwingine, ni kizuri kuliko watu wanavyodhani: kitoto baridi kikifungwa ndani ya kanga juu ya ngozi ya mtu hupanda joto taratibu, na utaratibu huo ndio unaotakiwa, kwa kuwa kukipasha ghafla hufungua mishipa ya ngozi na kukishusha shinikizo la damu. Kipewe saa moja hadi tatu kurudi kwenye joto lake. Wakati huo, kikiwa kimelegea mno, kinaweza kupakwa asali kidogo kwenye fizi, kwa ncha ya kidole tu, ili sukari ya damu isiporomoke.

Maziwa gani

Hapa ndipo ushauri wa mtaani hutofautiana zaidi, na ndipo namba husaidia. Maziwa ya paka yana protini takriban gramu 7 katika kila gramu 100 na sukari ya maziwa, yaani laktosi, karibu 4. Maziwa ya ng'ombe yana protini kama 3.3 na laktosi karibu 4.8. Maana yake ni kwamba kitoto kinachonywa maziwa ya ng'ombe matupu hupata nusu ya protini kinayohitaji, na kikijaribu kufidia kwa kunywa zaidi hupokea laktosi kuliko utumbo wake unavyoweza kuimeng'enya, kisha huhara, na kuhara kwa siku moja kunatosha kukikausha. Maziwa ya mbuzi husifiwa sana kwetu, nayo laktosi yake ni pungufu kidogo na mafuta yake humeng'enywa kwa urahisi. Bado protini yake inakaribiana na ya ng'ombe, kwa hiyo ni nafuu ndogo, si suluhisho. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga, ambayo wengi huyakimbilia kwa sababu ni ghali na yana picha ya mtoto mnene, ndiyo mabaya kuliko yote katika orodha hii. Yametengenezwa kuiga maziwa ya mwanamke, ambayo yana laktosi karibu 7 na protini isiyofika 2, na mwanamke, tofauti na paka jike, hakukusudiwa kulea kiumbe kinachozidisha uzito wake maradufu ndani ya siku kumi.

Maziwa maalumu ya unga ya vitoto vya paka ndiyo sahihi. Yana protini na mafuta ya kutosha, pamoja na taurini, ambayo paka akiikosa huharibika macho na moyo. Kwa mkazi wa Mtwara au Lindi shida ni mahali: kwa kawaida huagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwa anayeishi Mtwara, na hata mtumaji akiwa mwaminifu mzigo wa basi hufika kesho yake au kesho kutwa. Kwa hiyo uchaguzi halisi ni wa saa 48 za mwanzo, kisha wa siku zinazofuata. Kwa saa hizo za mwanzo hutumia mchanganyiko wa dharura: kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe yasiyopunguzwa mafuta, yaliyochemshwa na kupoa, viini viwili vya mayai bila ute, na kijiko cha chai cha mafuta ya kula, vyote vikapigwa hadi vichanganyike na kuchujwa. Kiini huinua protini na mafuta bila kuongeza laktosi. Ute mbichi huachwa kwa sababu una kitu kinachozuia vitamini ya biotini. Mchanganyiko huu ukae kwenye friji na usivuke siku moja. Kitoto kisilelewe nao wiki tatu kwa sababu tu kinaonekana kuupenda.

Kitoto kilichokauka, ambacho fizi zake zinanata kidoleni na mkojo wake ni wa njano iliyokolea, huanza na maji ya chumvichumvi ya ORS kabla ya maziwa. Pakiti ya kawaida ya zahanati inayochanganywa na lita moja ya maji safi yaliyochemshwa inafaa, mradi isiwe na ladha wala rangi, na itolewe matone machache kila baada ya dakika kumi au kumi na tano kitoto kikishapata joto. ORS haina protini wala mafuta, kwa hiyo ikikaa peke yake zaidi ya saa chache inakuwa njaa iliyopambwa.

Kiasi nacho kina mpaka. Kwa siku nzima kitoto huhitaji mililita 20 hadi 25 za maziwa maalumu kwa kila gramu 100 za uzito, na mlo mmoja usizidi mililita 4 kwa kila gramu hizo 100, kwa kuwa tumbo halina nafasi zaidi. Wanaokitaka kitoto kishibe ili kilale mpaka asubuhi ndio wanaokitapisha.

Chombo

Sirinji ya mililita 1 au 2 iliyotolewa sindano inapatikana kila duka la dawa, inapima kwa usahihi, na ndiyo inayofaa kwa mgonjwa asiye na nguvu ya kunyonya. Hatari yake iko kwenye kidole cha mlezi: akisukuma kwa haraka kuliko kitoto kinavyomeza, maziwa huingia mapafuni. Chupa ndogo yenye chuchu ya paka huondoa hatari hiyo kwa sababu kitoto hujipimia chenyewe, ila kinyonge huchoka kabla ya kushiba. Mimi huanza na sirinji na kuhamia chupa mara kitoto kinapoanza kuvuta chuchu kwa nguvu. Kijiko na kitambaa kilicholoweshwa siviweki kwenye ushindani. Mpira wa kupitisha maziwa hadi tumboni ni wa mtu aliyefundishwa na mtaalamu mbele ya macho yake.

Kwa chombo chochote, kitoto kilale kwa tumbo, kichwa kimeinuka kidogo, kama kinavyonyonya kwa mama yake. Kukibeba chali kama mtoto wa binadamu kunapendeza machoni, na maziwa yakitokea puani utajua kwa nini hakufai. Baada ya kila mlo, mpaka wiki ya tatu, sehemu za haja zipanguswe polepole kwa pamba yenye maji ya vuguvugu hadi kikojoe. Peke yake hakiwezi.

Mafua au parvo

Magonjwa haya mawili huchanganywa, na tofauti yake ndiyo inayoamua kama nyumba inatosha. Mafua ya paka husababishwa zaidi na virusi vya malengelenge vya paka na vya kalisi, wakati mwingine pamoja na bakteria wa klamidia. Kitoto hupiga chafya, pua hutoka makamasi, macho hujaa tongotongo, ulimi unaweza kuwa na vidonda, na chakula kinakataliwa kwa sababu harufu haisikiki. Hali hii inatisha kwa macho lakini mara nyingi inaugulika nyumbani. Tongotongo hulainishwa kwa pamba na maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, nusu kijiko cha chai katika robo lita, pamba mpya kwa kila jicho. Pua husafishwa kabla ya kila mlo. Chakula kipashwe hadi vuguvugu ili kinukie, na kwa vikubwa supu ya dagaa isiyo na chumvi imewahi kuwarudisha mezani wagonjwa ambao nilikwisha kuwakatia tamaa.

Kuhusu dawa ya macho, kulinganisha ni muhimu sana. Marhamu ya tetrasaiklini ya asilimia 1, inayojulikana katika zahanati zetu, hufaa kwa klamidia na mtaalamu wa mifugo huiandika bila wasiwasi. Matone yenye deksamethasoni au steroidi nyingine, ambayo hutuliza wekundu haraka na kwa hiyo huonekana bora siku ya kwanza, yanaweza kutoboa jicho lenye kidonda cha virusi. Kisanduku kisomwe kabla ya kulipa.

Parvo ya paka ni jambo jingine. Kitoto kilichokuwa kinacheza jioni hulala kimejikunja asubuhi, hutapika, huhara, huinama juu ya bakuli la maji bila kunywa, na joto huweza kupanda kisha kushuka kabisa. Hakuna chafya. Virusi hivi huua chembe za kinga na ukuta wa utumbo, na vitoto vingi ambavyo havikutibiwa hufa ndani ya siku chache. Hapa nyumba pekee haitoshi: mgonjwa anahitaji maji chini ya ngozi au kwenye mshipa, dawa ya kuzuia kutapika, na antibayotiki ya kuzuia bakteria wa utumbo wasiingie kwenye damu. Ikiwa kitoto kimekufa na vingine vimebaki, Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Mtwara, na kuuliza kuhusu uchunguzi wa mzoga uliohifadhiwa kwenye barafu kunaweza kumwonyesha mlezi jambo ambalo kubahatisha dawa hakutamwonyesha.

Usafi pia hutofautiana. Kwa mafua, sabuni, jua na umbali wa hatua mbili kati ya maboksi husaidia sana. Virusi vya parvo hukaa chumbani hadi mwaka mzima na sabuni haiviui. Vinauawa na Jik, nusu kikombe katika lita 4 za maji, ikipakwa juu ya sehemu iliyokwisha kuoshwa na kuachwa dakika kumi kabla ya kusuuzwa. Dettol, ambayo harufu yake hutupa faraja, haifai kwa kazi hii, na zaidi ya hapo ni sumu kwa paka. Kitoto kitolewe chumbani mpaka harufu ya Jik iishe.

Viroboto na dawa za kabatini

Kitoto chenye fizi nyeupe na vumbi jeusi ndani ya manyoya kinanyonywa damu, na viroboto wengi wanaweza kukimaliza chenye wiki tatu. Kitana cha chawa, kikichovywa kila mara katika maji ya sabuni, ni cha polepole lakini hakina madhara hata kwa kitoto cha siku moja. Kuosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kuanzia shingoni ili viroboto wasikimbilie usoni, ni haraka zaidi, lakini kitoto lazima kikaushwe mara moja na kiwe na joto tangu mwanzo. Kinachoumwa mafua sikioshi. Dawa za unga za mbwa na zile za kuogeshea ng'ombe mara nyingi zina jamii ya permetrini na sipametrini, ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja. Kitoto hutetemeka, hudondoka na hufa. Mafuta ya taa huunguza ngozi na mapafu. Majani ya mwarobaini sijayatumia wala sitayatumia, kwa sababu kila kinachopakwa juu ya paka huishia kulambwa.

Minyoo mingine hupita kwenye maziwa ya mama, ndiyo maana dawa ya pairanteli huanza wiki ya pili na kurudiwa kila wiki mbili, kwa kipimo cha uzito. Panadol, hata robo ya kidonge, ni marufuku. Paka hana njia ya kuiondoa mwilini, na kidonge kimoja cha miligramu 500 huweza kumuua mkubwa.

Mlezi naye ana mwili. Vipele vya mviringo vinavyoitwa mashilingi hutoka kwa kitoto hadi kwa watoto wa nyumba, na aliyeng'atwa na kitoto asichokijua asili yake aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kutoka maziwa hadi sahani

Wiki ya nne au ya tano kitoto huanza kulamba sahani. Ugali kwa mchuzi wa samaki, mlo wa paka wengi wa mwambao, hujaza tumbo na haujengi misuli. Dagaa au samaki mbichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, kwa hiyo wachemshwe, watolewe miiba na wasitiwe chumvi. Wakiliwa peke yao kwa miezi nao hupunguza vitamini E, hasa jodari mwenye mafuta. Nyama ya kuku iliyochemshwa na kusagwa, ini kidogo mara mbili kwa wiki, kiini cha yai na maziwa maalumu yanayobaki koponi hukamilisha sahani kwa gharama ndogo kuliko chakula kikavu cha dukani, ingawa chakula hicho kikavu cha vitoto, kilicholoweshwa, ndicho kinachompa asiye na muda uhakika wa taurini.

Chanjo ya mafua na parvo huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8 na hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Kwa kuwa chanjo hiyo haikai kwenye kila duka la dawa za mifugo huku kusini, na ni lazima isafiri katika ubaridi, simu ya kuiagiza hupigwa kitoto kingali na wiki nne, siku ile ile kinapolamba sahani yake ya kwanza.